Nani Atawatoa Mabinti

Mimi kazi yangu ni kupanga watu. Ghalani Mount Druitt, hapa Sydney, ninakosimamia zamu ya asubuhi, najua nani anafaa kuendesha foklifti na nani ukimpa foklifti atabomoa ukuta. Tabia hiyo nimeihamishia nyumbani, na mke wangu amelalamika mpaka amechoka. Kwa hiyo binti yetu mkubwa alipotuambia kwamba wazee wa mchumba wake wanataka kuleta mahari, sikungoja kuulizwa. Chai haijapoa, nilikuwa nimeshagawa kazi kwa kila mtu ninayemfahamu kuanzia hapa kwetu Quakers Hill mpaka Granville.

Kazi moja tu ilinishinda. Sikujua nani atawatoa mabinti.

Kwetu, siku ya mahari, wazee wakishaelewana, bibi harusi hatoki mwenyewe. Anakaa chumbani na wenzake wa kimo chake, wote wanafunikwa kanga za aina moja kutoka utosini mpaka miguuni, kisha wanaongozwa kwa mstari hadi mbele ya wageni. Bwana harusi anatakiwa amtambue wake bila kumgusa. Akikosea, upande wake unatozwa kreti la soda na wanazomewa mpaka wachoke. Anayewatoa mabinti ni shangazi, dada yake baba. Yeye ndiye anayejua nani yuko chini ya kanga ipi. Na bibi harusi akishatambuliwa, baba humuuliza shangazi mbele ya watu wote, "Huyu uliyemleta ni wa nani?" Shangazi hujibu, "Ni wa kaka yangu." Hapo ndipo shughuli inakuwa imekwisha. Asiposema, hata mahari iwe imeshapokelewa, wazee watakwambia mtoto bado hajatoka kwao.

Sasa binti yangu alikuwa na shangazi mmoja tu. Kwetu tulizaliwa wanne, wavulana watatu na kitindamimba msichana. Ndivyo tulivyohesabu kwa miaka mingi. Leo kitindamimba huyo ni mwanamume, ana ndevu nzuri kuliko zangu, na hilo la ndevu bado sijamsamehe.

Alikuja Sydney kusomea uuguzi, akafikia kwetu. Tulimpa chumba cha nyuma ya gereji, chumba ambacho kiangazi kinachoma na kipupwe kinagandisha, wala hakulalamika. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mimi na mke wangu tulikuwa tunapishana mlangoni kwa sababu ya zamu, mmoja anaingia akiwa na usingizi, mwingine anatoka akiwa na usingizi. Aliyekuwa anampokea mtoto shuleni ni mdogo wangu. Aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliyekaa naye hospitali alipovunjika mkono, aliyekwenda kugombana na mwalimu wakati watoto wenzake walipokuwa wanamshikashika nywele, wote ni huyo mmoja. Kila Jumapili mchana alimkalisha kwenye ngazi ya nyuma, karibu na kamba ya kuanikia nguo, akamsuka. Mtoto akilia, anamwimbia. Akizidi kulia, anamwimbia vibaya makusudi mpaka acheke.

Alipotuambia habari zake, tulikuwa tumekaa mezani jikoni. Alisema polepole, kama mtu anayevuka barabara yenye magari, kwamba yeye ni mwanamume, kwamba amelijua hilo tangu utotoni, na kwamba ameanza matibabu na anataka kuishi hivyo. Mke wangu alimshika mkono. Mimi nikauliza swali la kwanza lililonijia mdomoni.

"Sasa mtoto atasukwa na nani?"

Akanitazama. "Mimi. Kwani mikono imekwenda wapi?"

Akaendelea kumsuka. Sauti ilizidi kuwa nzito, ndevu zikaanza kuchomoza, na kila Jumapili alikuwa pale pale kwenye ngazi na kitana chake. Jirani yetu, mzee mmoja mpenda nyasi, alichungulia juu ya uzio siku moja akasema hajawahi kuona mwanamume anayesuka hivyo. Mdogo wangu akamjibu kwamba hata yeye hajawahi kuona mwanamume anayekata nyasi mara mbili kwa wiki. Tangu siku hiyo ni marafiki.

Nisiseme uongo kwamba nilielewa mara moja. Nilikuwa na maswali mengi, mengine ya kijinga, na alinijibu yale aliyotaka kunijibu. Mengine aliniambia hayanihusu, na kweli hayakunihusu. Kilichonisaidia ni kumbukumbu moja. Utotoni, siku binamu yetu alipotolewa, mdogo wangu alikuwa amewekwa miongoni mwa mabinti wa kufunikwa. Walipofika katikati ya uwanja aliivua ile kanga, akaikunja vizuri, akamkabidhi shangazi yetu, kisha akatembea mbele ya wageni wote akaja kukaa na sisi wavulana kwenye mkeka. Alikaa tu, kana kwamba amefika. Mama alimchapa, wageni wakacheka, na mimi nikamsogezea nafasi, nikampa nusu ya andazi langu. Miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia kisa hicho kama kichekesho. Baada ya yale mazungumzo ya jikoni nilikikumbuka tena nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, nikaona kwamba mtoto yule alikuwa anatuonyesha mahali pake kwa adabu zote.

Mama alichukua muda. Kwa miezi kadhaa akipiga simu kutoka Korogwe alimuulizia kwa kuzunguka: huyo wa huko nyuma ya gereji anakula? Anasali? Halafu msafiri mmoja akatuletea mzigo. Mama huwashonea wanawe wa kiume mashati ya kitenge kila mwaka, kwa fundi yule yule, kwa mshono ule ule wa mfuko mmoja kifuani. Safari hiyo mzigo ulikuwa na mashati mawili, langu na la mdogo wangu. Lake lilimbana kidogo mabegani. Alilivaa siku nzima na hakutaka kulivua hata kwenda kulala.

Ndiyo maana mahari ilipokuja, nilijiona nimeshafuzu. Nilitangaza mbele ya mke wangu na binti yangu kwamba mdogo wangu atakaa kwenye meza ya wazee, mkono wangu wa kulia, kama baba mdogo wa bibi harusi. Atazungumza mahari. Atapokea wageni. Mbuzi tutakwenda kumchukua naye buchani Granville, yeye ndiye atakayemkagua. Kila kazi ya kiume iliyokuwepo nilimpa. Nilitegemea makofi.

Binti yangu aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia vizuri lakini akijibu ni Kiingereza tu, "And who's bringing me out?"

Nikamwambia nimeshalifikiria. Shangazi hana, kwa hiyo tutaazima. Kuna mama mmoja wa kanisani kwetu, mtu mzima, Mtanzania, anayaheshimu mambo ya kimila na ana sauti.

"Dad. Bamdogo raised me."

"Najua amekulea. Lakini bamdogo ni mwanamume. Mwanamume hawatoi mabinti."

"So before, he could do it. And now you respect him, he can't?"

Nilimwambia asinichanganye na habari za zamani aliweza, sasa hawezi. Mke wangu, aliyekuwa anamenya vitunguu, alisema bila kugeuka, "Umemwelewa mdogo wako, lakini umemwelewa kighala. Umemtoa rafu hii ukamweka rafu ile, basi, umefunga hesabu." Nilikasirika, nikaenda nje kupanga mapipa ya taka ambayo yalikuwa yamepangika. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimefanya wema na wema wangu ulikuwa unakaguliwa.

Ijumaa mchana, mahari ikiwa kesho yake, tukirudi kutoka Granville na mbuzi wetu kwenye boksi la barafu, nilimuuliza mwenyewe. Nilitaka aseme nimepanga vizuri.

Alizima redio. "Kaka, meza umenipa, nashukuru. Kweli nashukuru. Lakini siku ya kumtoa yule mtoto nimeingojea tangu ana meno ya utoto."

"Basi wewe mtoe."

"Wale wazee hawanijui. Wananijua mimi ni baba mdogo, basi. Wakiuliza kwa nini mwanamume anatoa mabinti, itabidi nidanganye au nijieleze. Kudanganya sitaki. Nikijieleza, siku ya mtoto itageuka kuwa siku ya kunijadili mimi. Wengine wanaweza hata kuamka na kuondoka. Acha yule mama awatoe."

Bwana harusi na ndugu zake walijua, tena walimpenda. Lakini wazee wao ni Warundi walioishi kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku, watu wa kanisa sana, na hakuna aliyejua watalipokeaje. Nikasema sawa. Nilisema haraka mno, kama mtu aliyepunguziwa mzigo, na nadhani alisikia. Akafungua redio.

Jioni hiyo yule mama wa kanisani alikuja kufanya mazoezi. Tulisimama jikoni, mabinti wamefunikwa, mimi nikauliza, "Huyu uliyemleta ni wa nani?" Mama wa watu akatazama friji, akasema, "Ni wa... kaka yangu." Akarudia, akitazama birika. Mke wangu alitoka kwenda kucheka uani. Binti yangu hakucheka. Chini ya kanga niliona vidole vya miguu yake tu, vimekunjwa.

Jumamosi ilikuwa nzuri, jua la kiasi, upepo mwanana. Tulikodi hema la kivuli tukalisimika nyuma ya nyumba, tukaikunja ile kamba ya nguo, tukatandika mikeka juu ya nyasi. Wageni walifika kutoka Mount Druitt kwa magari matatu, wakashuka wakiimba. Mdogo wangu aliwapokea getini akiwa na shati la mama chini ya koti. Kwenye meza alikuwa hodari kunishinda. Mimi nilitaka kubishana kila kipengele kwa ajili ya raha ya kubishana, yeye alinikanyaga mguu kila nilipozidi. Tulielewana mapema, pilau likiwa bado jikoni.

"Bon," akasema baba yake bwana harusi, mzee mnene mwenye suti ya kahawia. "Sasa tuonyeshwe mtoto. Halafu tukule. Harufu ya hii mbuzi inanitesa."

Nikampa ishara mama wa kanisani. Akaingia ndani. Tukangoja. Vijana wakaanza kupiga makofi ya kuwaita mabinti. Mlango ukafunguka, akatoka peke yake, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akaninong'oneza. Lakini yeye ni mwimbaji wa kwaya, na mnong'ono wake ulifika mpaka kwa jirani wa nyasi.

"Baba, nisamehe. Nimeomba tangu jana, moyo unakataa. Siwezi kusimama mbele ya watu wa Mungu nikasema wewe ni kaka yangu. Mimi kwetu ni Mbeya."

Vijana wakaacha makofi. Mke wangu alikuwa amesimama na sinia la sambusa, akasimama nalo hivyo hivyo.

"Kuna nini?" akauliza mzee. "Shangazi iko wapi?"

Mimi ni mwepesi wa kutunga. Tayari nilikuwa na shangazi aliyechelewa treni, nilikuwa natafuta tu ni kituo gani amekwama. Nikafungua mdomo. Hapo nikahisi mkono umewekwa juu ya goti langu chini ya meza, na mdogo wangu akasimama.

Alifunga kifungo cha koti, akakifungua tena. "Wazee wangu," alisema, "shangazi wa bibi harusi nilikuwa mimi. Nilizaliwa, wazazi wakaniita binti, nikakua wakiniita hivyo. Sasa mnaniona nilivyo, na hivi ndivyo nilivyo. Ni baba yake mdogo. Lakini mtoto huyu nimemlea kwa mikono hii. Kama hamtakwazika, naomba nimtoe mwenyewe. Kama mtakwazika, niambieni sasa, nitakaa."

Kisha hakukaa. Alibaki amesimama.

Sijawahi kuogopa hivyo, na nimewahi kuona foklifti ikianguka. Upande wa pili mama mmoja mzee aliguna, akageuza uso akatazama uzio. Wengine wakatazamana. Bwana harusi akataka kusimama, baba yake akamrudisha chini kwa mkono.

"Ngoja," akasema mzee. Alimtazama mdogo wangu kama anayesoma maandishi madogo. "Ni wewe ulimulea?"

"Ni mimi."

"Bon. Sikiliza. Mimi nilioa kambini. Bibi yangu huyu hapa, shangazi zake zote zilibaki njiani. Zingine zilikufa, zingine hatujui. Siku ya kumutoa, mutu hakuna. Unajua nani alimutoa? Mzee mumoja alikuwa anagawa mahindi. Mwanaume, mguu moja. Alikuwa anamupikia uji wakati alifika pale mutoto, yuko peke yake. Akamutoa na ile fimbo yake, wakaanguka wote wawili mbele ya watu."

Mke wake, mama mwembamba mwenye kilemba cha bluu, alifunika mdomo akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tulianguka kweli," akasema. "Kwenye matope."

"Sasa hii mambo yako ya kuzaliwa hivi, kuwa vile, mimi siijui yote," mzee akaendelea. "Utanieleza siku ingine, tukishakula. Lakini mwenye kulea ndiye anatoa. Enda, baba. Enda ulete mutoto, chakula inapoa."

Yule mama mzee hakugeuza uso wake kutoka kwenye uzio. Alikaa hivyo mchana kutwa, alikula hivyo, na aliondoka bila kumpa mdogo wangu mkono. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini hakuamka akaondoka katikati ya shughuli, na hakuna mwingine aliyegeuza uso kama yeye.

Mdogo wangu aliingia ndani. Tulisikia ukelele mmoja wa furaha kutoka chumbani, sauti ninayoijua tangu ilipokuwa inalilia baiskeli, halafu kicheko, halafu watu wananyamazishana. Walipotoka, yeye alikuwa mbele, koti amelivua, shati la kitenge limembana mabegani, na nyuma yake mabinti wanne chini ya kanga nyekundu, kila mmoja ameshika bega la mwenzake. Vigelegele vikapigwa pande zote mbili. Mama wa kanisani ndiye aliyeongoza, moyo wake sasa hauna kipingamizi.

Shangazi mzoefu huwa mjanja. Humshika mkono binti asiye bibi harusi ili kuwapoteza maboya wageni. Mdogo wangu aliujua ujanja huo, alikuwa amemshika binti wa kwanza kama inavyotakiwa. Lakini walipopita kwenye mkeka uliokunjamana, binti wa pili alijikwaa kidogo, na kabla ya kufikiri mdogo wangu alikuwa ameshamwachia wa kwanza na kumdaka wa pili kiwiko cha ule mkono uliowahi kuvunjika. Alipogundua alichofanya, alishafanya.

Bwana harusi hakuwatazama hata mabinti. Alikuwa anamtazama mdogo wangu. "Ni huyu," akasema, "huyu ambaye bamdogo amemshika." Watu wakapiga kelele kwamba ni wizi, kwamba mwamuzi amenunuliwa. Nilidai kreti langu la soda hata hivyo, na nikanyimwa.

Kanga ikafunuliwa. Binti yangu alikuwa analia na kucheka, wanja umeshuka mpaka mashavuni, na nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyokutana kisogoni, kazi ya asubuhi hiyo hiyo kwenye ngazi ya nyuma.

Nikasimama. Zamu yangu ilikuwa imefika. Nilimtazama mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuipanga shughuli ile sikuwa na la kupanga.

"Huyu uliyemleta," nikamuuliza, "ni wa nani?"

Hakutazama friji wala birika. Alinitazama mimi, kama alivyonitazama utotoni siku ile aliponijia mkekani nami nikamsogezea nafasi.

"Ni wa kaka yangu," akasema.